Majina ya fildi kwenye databesi: tubadilishe kwenye tebo yenyewe au tuweke lebo kwenye ripoti tu?

#1 Mhasibu_Kihonda

Wakuu, habari za kazi.

Nipo kwenye saccos moja hapa Morogoro, upande wa hesabu, ila mambo ya kompyuta nayo yameniangukia mimi. Mfumo wetu wa mikopo uliundwa zamani na mkandarasi ambaye hapatikani tena. Data ipo SQL Server, ripoti zipo Crystal Reports, nyingine tunazivutia Excel. Shida ni majina. Tebo ya mikopo ina fildi (kolamu) zinaitwa CUSTNM1, LNBAL, DT2, FLD_07 na FLD_07A. Bodi na wanachama wanataka ripoti ya Kiswahili inayosomeka: Jina la mwanachama, Salio la mkopo, Tarehe ya rejesho la mwisho.

Msimamo wangu ni kwamba tuingie kwenye tebo tubadilishe majina yenyewe, FLD_07 iitwe riba_inayodaiwa, kazi iishe. Kuweka lebo ripoti moja moja ni kurudia kazi ileile kila robo mwaka, na akija mtu mwingine kesho ataanza upya kuuliza FLD_07 ni nini.

Mwenye mawazo tofauti aje. Naomba sababu, isiwe "usiguse" halafu basi.

#2 Fundi_Kwiri

Usiguse. Na sababu nakupa.

Jina la fildi linaitwa na kila kitu kilichojengwa juu ya hiyo tebo: programu ya kuingizia mikopo, kwiri (maswali ya kuvuta data) zilizohifadhiwa, ripoti za Crystal, faili za Excel zilizounganishwa. Ukitumia sp_rename, ile amri ya kubadilisha jina, SQL Server yenyewe inakupa onyo palepale kwamba kubadilisha jina kunaweza kuvunja skripti na taratibu zilizohifadhiwa. Inabadilisha jina la kolamu, haiendi kurekebisha wanaoliita. Keshia akibofya "Hifadhi" kesho asubuhi, programu itatafuta LNBAL, haipo, inagoma. Na umesema mkandarasi hayupo, maana yake msimbo wa programu huna. Utaurekebishaje?

Lebo ni ya msomaji. Jina la fildi ni la mashine. Usivichanganye.

#3 Mama_Ripoti

Fundi umewahi kama kawaida yako, ila umemwachia mwenzio kazi ya kuandika lebo kwenye kila ripoti, na hicho ndicho anachokikimbia.

Mhasibu, tengeneza vyuu. Vyuu ni kwiri uliyoihifadhi ukaipa jina, ukawa unaisoma kama tebo ya kawaida. Tebo ya mkandarasi inabaki ilivyo, programu yake haijui kitu, wewe ripoti zako zote zinasoma kwenye vyuu:

CREATE VIEW ripoti_mikopo AS
SELECT CUSTNM1 AS jina_la_mwanachama,
LNBAL AS salio_la_mkopo,
DT2 AS tarehe_ya_rejesho_la_mwisho,
FLD_07 AS riba_inayodaiwa
FROM LNMAST;

Jina la tebo weka lako. Majina unayabadilisha mahali pamoja, kila ripoti inayafuata. Huyo wa kesho akifika, anafungua vyuu anaona FLD_07 ni nini. Kumbukumbu na kazi vimekaa sehemu moja.

Ila kabla hujaandika, hakikisha kweli DT2 ni tarehe ya rejesho la mwisho. Kwenye mifumo ya zamani nimekuta tarehe ya pili ikiwa ndiyo tarehe mkopo unapoiva.

#4 Nyuma_ya_Seva

Naongezea kidogo kwa Fundi (#2), kwa sababu watu wengine watasoma huu uzi na databesi zao ni nyingine.

PostgreSQL haifanyi hivyo. Ukibadilisha jina la kolamu kwenye tebo, vyuu vilivyokuwa vinaisoma vinaendelea kufanya kazi, maana ndani yake inakumbuka namba ya kolamu. Fungua maelezo ya vyuu baada ya hapo utakuta imejiandikia yenyewe jina jipya AS jina la zamani. Anayesoma kupitia vyuu hajui kama kuna kilichotokea. MySQL ni kinyume: vyuu vinabaki vimeshika jina la zamani, na ukivifungua unapewa kosa kwamba kolamu si halali.

Msimbo ulioandikwa nje ya databesi, mfano PHP au Java, unavunjika kwenye zote tatu. Hapo Fundi yuko sahihi.

Na kwa Mama Ripoti: kwenye PostgreSQL ukitaka kurekebisha jina ndani ya vyuu kwa CREATE OR REPLACE VIEW inakataa, inasema huwezi kubadilisha jina la kolamu ya vyuu. Kuanzia toleo la 13 kuna ALTER VIEW ... RENAME COLUMN. Kabla ya hapo ilibidi uandike ALTER TABLE ... RENAME COLUMN, ingawa ni vyuu.

#5 Fundi_Kwiri

Nyuma ya Seva, mtu kasema SQL Server, wewe umekwenda kututembeza nchi tatu. Lakini sawa, hoja ya PostgreSQL ni kweli.

Vyuu vya #3 naunga mkono. Nisichokubali ni jina kama tarehe_ya_rejesho_la_mwisho kwenye vyuu. Weka fupi, trh_rejesho, halafu lebo ndefu ikae kwenye ripoti.

#6 Mama_Ripoti

Trh_rejesho ni FLD_07 nyingine inayozaliwa. SQL Server inakupa herufi 128 kwa jina la kolamu, unabana za nini?

#7 Nakuru_Analyst

Niaje wakubwa. Huku kwetu tuko Power BI, programu ya ripoti na chati, na tumeona maajabu, wacha niwaambie.

Ukibadilisha jina la kolamu ndani ya Power Query, sehemu yake ya kuandaa data, inaongezwa hatua inaitwa Renamed Columns. Hiyo hatua inashika jina la chanzo herufi kwa herufi, na inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Jamaa wa stoo alikuwa anatutumia faili ya CSV kila Jumatatu, kichwa kimeandikwa "Tarehe". Wiki moja akaandika "tarehe". Ripoti nzima ikakataa kusasisha, ikasema kolamu haikupatikana. Tukashinda tukishuku seva na intaneti, kumbe ni T.

Kuna dawa: kwenye Table.RenameColumns ongeza MissingField.Ignore mwishoni, ile hatua haitagoma tena kama jina halipo. Ingawa mimi binafsi siipendi sana. Kolamu inabaki na jina lake la chanzo, hatua inayofuata ndiyo inalia, ama chati inakaa tupu na hakuna anayejua.

Kitu kingine. Ukibadilisha jina kwenye modeli, vipimo vyako vya DAX (fomula za Power BI) ndani ya faili hiyohiyo vinajirekebisha. Lakini ripoti za watu wengine zilizounganishwa na modeli yako kutoka nje hazijirekebishi, zinavunjika. Kwa hivyo kama ni kichwa cha chati moja tu kinakusumbua, bofya fildi mara mbili hapo kwenye chati, ubadilishe kwa chati hiyo pekee. Jina la modeli likae palepale.

#8 Mhasibu_Kihonda

Asanteni sana. Naanza kulegea kwenye msimamo wangu, ila bado sijauacha. Nikienda njia ya vyuu, hizi ripoti za Crystal zilizopo zinazosoma tebo moja kwa moja nazifanyaje? Ziko nyingi.

#9 Fundi_Kwiri

Fungua ripoti, nenda Database, kisha Set Datasource Location, uielekeze kwenye vyuu badala ya tebo. Kwa kuwa majina hayafanani, litafunguka dirisha la Map Fields. Upande mmoja majina ya zamani, upande wa pili mapya, unaoanisha moja moja. Makini na aina ya data: lile dirisha limewekewa alama ya kuonyesha zenye aina inayofanana tu, kwa hiyo kama kwenye vyuu umeigeuza tarehe kuwa maandishi, hutaiona kwenye orodha.

Na kumbuka kichwa cha kolamu kwenye Crystal ni maandishi yanayojitegemea. Hata ukishaoanisha, juu patabaki pameandikwa LNBAL mpaka ubofye uandike mwenyewe. Ndiyo maana nasema lebo ya msomaji ni kazi ya ripoti, hamtaki kunisikia.

#10 Mzee_wa_Access

Nasoma kimya tangu asubuhi, hili la lebo limenigusa.

Access ina kitu kinaitwa Caption kwenye kila fildi ya tebo. Jina linabaki LNBAL, Caption unaandika "Salio la mkopo", na fomu au ripoti mpya utakayotengeneza inachukua Caption yenyewe. Raha. Shida inakuja hapa: fomu ulizotengeneza kabla hujaandika Caption hazibadiliki. Na ukiandika kwiri ukatoa jina lako, mfano Deni: LNBAL, ukiifungua unaona bado imeandikwa "Salio la mkopo". Caption ya tebo imelifunika jina ulilotoa kwenye kwiri. Vijana wengi wamenipigia simu wakidhani kwiri imeharibika. Dawa ni kufungua sifa za hiyo fildi ndani ya kwiri na kuandika Caption nyingine pale.

Jambo la pili, kisanduku cha maandishi kwenye ripoti kikiitwa LNBAL halafu ndani yake umeandika hesabu ya =[LNBAL]*0.1, kinajiita chenyewe na unapata #Error. Kipe kisanduku jina lake, txtRiba au lolote, mambo yanakaa sawa.

#11 Takwimu_Dom

Mama Ripoti (#6), unasema herufi 128 unabana za nini. Tunabana kwa sababu data haikai SQL Server peke yake, inasafiri.

PostgreSQL ni baiti 63, zaidi ya hapo inakata. Oracle kabla ya 12.2 ilikuwa baiti 30. Jina la kigezo kwenye Stata, programu ya takwimu, mwisho herufi 32, na lebo yake mwisho 80. Faili za ramani za shapefile zinatumia DBF, na hapo jina mwisho herufi 10.

Kiswahili kinaumia kwenye hili kuliko Kiingereza, na sababu ni muundo wa lugha yenyewe. Sisi tunaanza na neno la jumla, kinachotofautisha kinakuja mwishoni. Chukua idadi_ya_wanafunzi_wavulana na idadi_ya_wanafunzi_wasichana. Zitoe QGIS, programu ya ramani, kama shapefile. Ya kwanza inakuwa idadi_ya_w, ya pili idadi_ya_1. Wavulana ni ipi, wasichana ni ipi? Nimeona ramani ya wilaya nzima imebandikwa ukutani hivyo, ya wasichana ikiwa na data ya wavulana.

Kwa hiyo kwenye jina la fildi mimi nageuza: wavulana_idadi, wasichana_idadi, au wav_n na was_n. Kinachotofautisha kinatangulia. Kwenye lebo ndiyo naandika Kiswahili kilichonyooka, "Idadi ya wanafunzi wavulana". Hapo nasimama na Fundi.

#12 Fundi_Kwiri

Mwaga data mkuu. Nimepata wakili.

#13 Mama_Ripoti

Umepata wakili wa shapefile. Saccos ya Morogoro haitengenezi ramani.

Ila hilo la kutanguliza kinachotofautisha nimelichukua, lina maana hata kwenye kichwa cha kolamu nyembamba ya Excel.

#14 Mifugo_Data

Wakuu naingilia kidogo. Mimi nakusanya data za wafugaji, tunatumia KoboToolbox (mfumo wa madodoso) halafu zinaingia MySQL. Naumizwa na ng'ombe. Kila nikiandika lebo ya ripoti yenye neno ng'ombe kwiri inakufa. Nikiandika "ngombe" bosi anakasirika anasema siyo Kiswahili. Hivi nyie mnaiwekaje?

#15 Nyuma_ya_Seva

Bosi wako yuko sahihi, ng'ombe aandikwe ng'ombe.

Umeandika AS 'Idadi ya ng'ombe', siyo? Databesi inaona nukuu imefungwa baada ya ng, halafu inakuta "ombe" limesimama peke yake. Ndani ya nukuu moja andika alama hiyo mara mbili, 'Idadi ya ng''ombe', itatoka moja kwenye ripoti. Au tumia nukuu ya nyuma (backtick) ya MySQL kuzungushia jina: `Idadi ya ng'ombe`. PostgreSQL zungushia nukuu mbili.

Hayo ni ya lebo tu. Kwenye jina la fildi lenyewe usiweke kabisa, andika ngombe_idadi. Hata Kobo, kwenye XLSForm (dodoso lililoandikwa kwenye Excel), safu ya name haipokei nafasi wala alama hiyo. Ndiyo maana kuna safu ya label pembeni. Kiswahili chako chote kiweke kwenye label::Kiswahili (sw).

#16 Takwimu_Dom

Kuna ng'ombe mwingine mbaya zaidi, na huyu haui kwiri, anakaa kimya.

Ukiandika dodoso kwenye Word, ile alama inajigeuza inakuwa ya kupinda. Kwa jicho ni neno lilelile, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, U+0027 na U+2019. Afisa mmoja kanakili lebo kutoka Word, mwingine kaandika moja kwa moja Excel. Ukija kuunganisha faili mbili kwa vichwa vya kolamu unapata kolamu mbili za ng'ombe, kila moja imejaa nusu. Jumla ya kata inatoka pungufu na hakuna kosa lolote lililoonyeshwa. Kabla ya kuunganisha mimi napitisha SUBSTITUTE kwenye vichwa vyote, alama ya kupinda iwe iliyonyooka.

Mbuzi na kondoo hawana shida hii.

#17 Mifugo_Data

Aisee. Nina faili za kata kumi na ushee sijawahi kuangalia hilo. Shukrani, naenda kuangalia sasa hivi.

#18 Afya_Ziwa

Wakubwa shikamooni. Naomba kuuliza kwa kuwa mko hapa. Sisi upande wa afya tupo DHIS2, mfumo wa taarifa za afya. Nimeingia kwenye matengenezo, nikachukua viashiria vya kliniki ya wajawazito, nikaweka tafsiri ya Kiswahili. Nimehifadhi, imekubali. Nikifungua fomu ya kuingizia data bado Kiingereza. Nikifungua jedwali la uchambuzi, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Nakosea wapi?

#19 Nakuru_Analyst

Hapo angalia mipangilio ya mtumiaji. DHIS2 ina lugha mbili tofauti: moja ya menyu na vitufe, nyingine ya databesi. Watu hubadilisha ya kwanza wanadhani wamemaliza. Majina ya viashiria yanafuata ile ya pili. Weka zote Kiswahili.

#20 Mtuha_Mkongwe

Marahaba mdogo wangu. La Nakuru inawezekana, ila mimi nashuku kingine. Kiashiria kwenye DHIS2 kina majina kadhaa: jina kamili, jina fupi, jina la kwenye fomu, na msimbo. Fomu ya kuingizia data inaonyesha jina la kwenye fomu kama lipo. Jedwali la uchambuzi linaonyesha jina kamili au fupi kutegemea mtumiaji alivyochagua kwenye mipangilio yake. Wewe umetafsiri jina kamili peke yake, ndiyo maana unaona nusu nusu. Ukiacha msimbo, kila moja lina sehemu yake ya tafsiri, zijaze zote.

Na jina fupi halizidi herufi 50. "Wajawazito waliopata chanjo ya pepopunda dozi ya pili" ni herufi 53 ukihesabu nafasi. Haliingii. Itabidi uandike "Wajawazito chanjo ya pepopunda dozi 2" au mfano wa hivyo, na ofisi nzima mkubaliane, msije kila mmoja akafupisha lake.

#21 Nyuma_ya_Seva

Au fomu yenu ni ile iliyochorwa kwa HTML. Kwenye hizo mchoraji ameandika maandishi yake mwenyewe pembeni ya visanduku, na kisanduku kinatambulika kwa ile UID, yaani kitambulisho cha herufi 11. Tafsiri utakazoweka kwenye kiashiria hazitaonekana pale hata ukijaza kila sehemu, kwa sababu maandishi yale hayatoki kwenye kiashiria. Fungua fomu kwenye sehemu ya kuhariri utaona.

Faida ya hiyo UID ni kwamba jina unaweza kulibadilisha mara mia na data haipotei, maana data imefungwa kwenye UID. Mhasibu angekuwa na mfumo wa namna hii asingefungua huu uzi.

#22 Mtuha_Mkongwe

Fomu za kiwilaya nyingi zilichorwa kwa HTML ili zifanane na kitabu cha karatasi, kwa hiyo hilo linawezekana pia. Lakini hiyo haielezi jedwali la uchambuzi kuwa nusu nusu.

#23 Afya_Ziwa

Nimebadilisha lugha ya databesi, jedwali limekuwa bora kidogo, fomu bado. Nafasi ya kuhariri fomu sina ruhusa. Mwingine hapa ofisini anasema ni kumbukumbu ya kivinjari, nifute.

#24 Nakuru_Analyst

Futa, haidhuru. Lakini sidhani.

#25 Wa_Bukavu

Jambo wote. Huku Congo tuko pia na DHIS2 kwa SNIS (mfumo wa taifa wa taarifa za afya), na fomu zetu ni za Kifaransa. Nyinyi mnalia ng'ombe, sisi tuko na d'accouchements, ni alama ileile. Na kuna zile herufi zenye alama juu. Ukitoa CSV, ukiifungua Excel kwa kubofya tu, Décès inakuwa DÃ©cÃ¨s. Data ni nzuri, ni Excel inasoma vibaya. Usibofye faili. Fungua Excel kwanza, ingia kwenye Data, chagua kuingiza kutoka faili ya maandishi, kisha chagua UTF-8. Ukihifadhi ile iliyoharibika na kuirudisha kwenye mfumo, hapo umeharibu kweli.

#26 Msimbo_Safi

Narudi kwenye mada. Wote mnaongelea lebo kana kwamba jina la fildi lazima liwe la Kiingereza au kifupisho. Mimi naunda mifumo na tebo zangu zote ni Kiswahili: mwanachama, mkopo, rejesho, dhamana. Kuna faida ambayo hamjaitaja, Kiswahili hakigongani na maneno yaliyotengwa ya SQL. Mtu anaita tebo order, group, user, halafu anahangaika kuzungushia nukuu kila mahali. Kwenye PostgreSQL ukiita kolamu user kisha ukaandika SELECT user FROM tebo bila nukuu, hupati kosa. Unapata jina la mtumiaji aliyeingia kwenye databesi, limejirudia kila mstari. Ripoti inatoka imejaa, na yote ni uongo. Ukiita mtumiaji, hilo halipo.

Na mkaguzi akija, mhasibu anaweza kusoma tebo mwenyewe bila mkalimani.

#27 Takwimu_Dom

Msimbo Safi, siku utakapoajiri mtu wa Bangalore au hata Kampala asiyejua Kiswahili, atasoma "dhamana" ataelewa nini? Na mifumo mingi ya kuunda programu inaweka "s" ya wingi yenyewe. Django, mmoja wa mifumo hiyo, kwenye ukurasa wa msimamizi itakuandikia "Mkopos" usipoiambia.

#28 Msimbo_Safi

Unaiambia. Unaandika verbose_name_plural iwe "Mikopo", ni mstari mmoja. Kila mfumo wa maana una pa kuandikia hilo. Na wa Bangalore atapewa maelezo ya kila kolamu, kama sisi tunavyopewa za kwao.

#29 Mama_Ripoti

Mnabishana lugha, mimi naona shida kubwa iko kwenye lebo isiyosema kitu katika lugha yoyote.

Kuna chama kimoja nilisaidia ripoti zao. Taarifa ya mwanachama ilikuwa na kolamu mbili, zote zimeandikwa "Salio". Moja salio la akiba, nyingine salio la mkopo. Mzee mmoja alikuja juu kwenye mkutano mkuu, akashikilia kwamba chama kinamdai pesa aliyoiweka yeye mwenyewe, na karatasi iliyo mkononi mwake ilimpa haki ya kusema hivyo. Ilikuwa Kiswahili safi, na aliyeiandika hakumfikiria anayesoma.

Siku hizi nikiandika lebo ya fedha nataka ijibu salio la nini, hadi tarehe gani, na limejumlisha riba au la. "Salio la mkopo bila riba, hadi 30/06". Ni ndefu, ikunje mistari miwili. Karatasi haina kikomo cha baiti 63.

#30 Fundi_Kwiri

Hili nakubaliana nalo lote.

#31 Pivoti_Tu

Pivot ya Excel je? Fildi inaitwa Salio, nikiiweka kwenye jumla inaandika "Sum of Salio". Nikifuta niandike "Salio" inakataa, inasema jina lipo tayari.

#32 Mzee_wa_Access

Weka nafasi moja mwishoni, "Salio " badala ya "Salio". Itakubali.

#33 Takwimu_Dom

Mzee, hiyo nafasi ndiyo kesho inakuja kwa Nakuru (#7) kama kolamu haikupatikana. Andika "Jumla ya salio" kijana wangu.

#34 Mhasibu_Kihonda

Nimerudi. Nimejaribu vyuu kwenye nakala ya databesi, siyo ile ya kazi. Ripoti mbili za Crystal nimezielekeza huko, zimekubali na namba zinafanana na za zamani. Mama Ripoti, ulikuwa sahihi kuhusu DT2: kwa mikopo mingi ina tarehe za mbele, haiwezi kuwa ya rejesho. Nimeiacha nje kwanza.

Bado naamini mfumo mpya ukinunuliwa, fildi ziwe za Kiswahili tangu mwanzo, nipo na Msimbo Safi. Kwa huu wa sasa naenda na vyuu.

Kilichobaki ni FLD_07A. Hakuna ajuaye. Kuna mistari ina namba ndogondogo, mingine sifuri.

#35 Msimbo_Safi

Tafuta inatajwa wapi ndani ya databesi. Kwenye SQL Server taratibu na vyuu vyote maelezo yake yako sys.sql_modules:

SELECT OBJECT_NAME(object_id) FROM sys.sql_modules WHERE definition LIKE '%FLD_07A%';

Ukipata utaratibu unaoiandikia, soma hesabu yake, jina litajitokeza.

#36 Nyuma_ya_Seva

Kwenye LIKE hiyo alama ya chini inasimama badala ya herufi yoyote, utaletewa na visivyohusika. Andika '%FLD[_]07A%'. Na kama haitajwi popote humo, basi inaandikwa na programu yenyewe, itabidi uikamate kwa kuangalia: ingiza mkopo wa majaribio kwenye ile nakala, ucheleweshe rejesho, uone inabadilika lini.

#37 Mtuha_Mkongwe

Mimi nasema ni adhabu ya kuchelewa.

#38 Fundi_Kwiri

Au bima ya mkopo. Adhabu mara nyingi huwa na tebo yake.

#39 Mhasibu_Kihonda

Nimeendesha ya #36. Imeleta utaratibu mmoja, unaitwa SP_EOM2. Una mistari mingi na maoni yote ndani ni ya Kiingereza cha kufupisha. Naubandika hapa jioni nikitoka kazini, nikishatoa majina ya watu.